Niliusoma Ugonjwa wa Jicho Langu Mwenyewe

Ninyi wenye macho yanayouma, na ninyi mnaowashika mkono, naomba mnisikilize kidogo. Naitwa Melkiyori. Mimi ni mtu wa labo, yaani napima damu, choo na makohozi katika hospitali moja hapa Bujumbura. Nilipata kidonda kwenye kioo cha jicho la kulia, pale mbele panapong'aa, na nikakaribia kung'olewa jicho. Nitawaeleza yote bila kuficha, hata yale yanayonitia aibu, kwa sababu sehemu ya aibu ndiyo itakayowafaa zaidi.

Kabla ya vita maisha yangu yalikuwa ya kawaida. Nilikuwa na mke wangu Esperansi na binti yetu Alisi, na tulikaa Kanyosha, kusini mwa mji, upande wa chini, nyumba ya matofali na bustani ya lengalenga, yaani mchicha, nyuma. Kazini tulikuwa watu wanne. Dokteri Godeliva, daktari wa macho, akipata mgonjwa mwenye kidonda cha jicho, alikikwangua kwa kisu kidogo na kuniletea uchafu huo kwenye vipande vya kioo. Nilipaka rangi ya zambarau, nikaweka chini ya mikroskopi, nikatazama. Karibu kila mara niliona bakteria. Nyingine za mviringo, zimepangana kama shanga. Nyingine kama vijiti vifupi. Nilizijua kama mtu anavyowajua majirani wa mtaa wake. Niliandika jina kwenye rejista, Dokteri akatoa dawa ya matone, na wagonjwa wengi wakarudi kwao wakiona.

Kisha vita ikaingia mjini. Wenzangu wawili walikimbilia Tanzania. Wa tatu alitoka nyumbani asubuhi moja kuja kazini na hakufika, na hatukujua habari zake tena. Nikabaki peke yangu. Basi ya wafanyakazi wa upande wa kusini ilikuwa inaondoka saa tisa mchana, kwa kuwa baada ya hapo njia haikuwa salama. Ukiikosa, unalala hospitalini na nyumbani hawajui kama uko hai.

Basi nikaanza kufupisha kazi.

Kwa kidonda cha jicho kuna kipimo cha pili. Unadondosha potasi, maji makali yanayoyeyusha usaha, juu ya uchafu, unasubiri nusu saa, halafu unatafuta kuvu, zile tunazoziita shampinyo. Pia kuna sahani ya kuoteshea kuvu, ambayo inatakiwa ikae wiki mbili, kwa maana kuvu haina haraka. Nusu saa sikuwa nayo. Na sahani zilikuwa chache, kwa kuwa ilikuwa miaka ya ambargo, nchi jirani zimetufungia njia, na vitu havikuingia nchini. Nikajiambia kwamba kuvu tulikuwa tukiiona mara chache mno, haidhuru. Nikaacha potasi. Sahani nazo nikazitupa baada ya siku mbili, zikiwa bado safi. Kwenye rejista nikaandika: hakuna mikrobe, yaani hakuna kijidudu.

Siku moja Dokteri Godeliva alinisimamisha kwenye korido.

"Melkiyori, hizi 'hakuna' zako zimekuwa mingi."

"Watu wanakuja wameshajiwekea dawa, Dokteri. Dawa inaua mikrobe mbele hawajafika kwetu."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akaenda. Naye alikuwa amechoka. Alikuwa daktari wa macho peke yake kwa watu wote waliokuwa wakishuka kutoka milimani.

Katika wagonjwa wa siku hizo kulikuwa na mama mmoja aliyeitwa Mama Perusi. Alitoka kilima cha juu ya Kanyosha. Nyumba yake ilikuwa imechomwa, na alikuwa amelala mashambani na watoto karibu mwezi mzima, mvua ikiwanyeshea. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba kama yai. Nilipima kwa rangi ya zambarau tu. Siku ya pili alikuja kwenye dirisha la labo kuuliza.

"Baba, umeona nini mu jicho yangu?"

"Apana kitu, Mama. Iko safi."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeumia. "Kama iko safi, mbona inaniua?"

Nilikuwa naangalia saa ya ukutani. Nilimwambia amuulize Dokteri, nikafunga dirisha, nikakimbilia basi. Baadaye nilisikia kwamba jicho lilipasuka, likatolewa. Nilisikia hivyo kama mtu anavyosikia habari ya mvua ya mkoa mwingine.

Mateso yangu yalianza Jumapili moja, baada ya misa. Tulikuwa tumerudi nyumbani, Esperansi ameweka maharage jikoni. Risasi zikaanza kulia juu ya kilima, kisha karibu zaidi, kisha tukasikia watu wanapita nyuma ya nyumba mbio, hakuna anayesema. Esperansi akamshika Alisi mkono. Tukatoka kama tulivyo. Kila mtu alikuwa anakimbilia upande wa ziwa, na kufika kule lazima upite mashamba ya mahindi. Mahindi yalikuwa yamekomaa, majani yamekauka yanakata kama msumeno. Nilikuwa natangulia kuwafungulia njia. Jani moja likanipiga jicho la kulia.

Lilichoma, machozi yakamwagika, nikalifumba nikaendelea kukimbia. Tulilala kwenye mfereji mpaka kulipotulia. Tuliporudi, mlango ulikuwa umevunjwa na sufuria imepinduliwa, lakini nyumba ilikuwa imesimama. Tukamshukuru Mungu. Nani atafikiria jani la mahindi siku kama hiyo?

Siku ya kwanza jicho lilitoa machozi tu. Siku ya tatu nikasikia kama kuna mchanga ndani. Nikaosha kwa maji ya chumvi. Nikaenda famasi moja mjini, siyo hospitalini, kwa sababu sikutaka Dokteri aniulize maswali. Nilijua kwamba mtu wa labo anahitaji macho mawili, na jicho langu la kulia ndilo nililotumia kwenye mikroskopi miaka yote. Famasi wakanipa kichupa cha matone. Wakasema kinaondoa wekundu.

Kiliondoa kweli. Siku tatu wekundu ulipungua, maumivu yakapoa, nikawa namsifu yule wa famasi kwa majirani. Kumbe ndani ya kichupa kulikuwa na kortizoni, na kortizoni inaulaza mwili usipigane. Nilikuwa nimemfunga mlinzi kamba na kumwachia mwizi nyumba.

Kufika siku ya tisa, maumivu yakarudi kwa nguvu nisizozijua. Yalikuwa kama msumari unaopigwa toka jichoni hadi kisogoni. Mwanga wa mlangoni ulinichoma kama pilipili. Nilitapika. Kope zilishikana kwa usaha, nikazifungua kwa vidole na maji ya moto. Jirani mmoja alisema maziwa ya mama anayenyonyesha yanaponya macho, akaja na mama mwenyewe. Nami, mtu niliyesomea mikrobe, nikalala chali nikakubali kudondoshewa maziwa. Maumivu hayaulizi umesoma wapi.

Asubuhi Esperansi alinipeleka mlangoni, akanifungua jicho kwa vidole vyake.

"Baba Alisi, mu jicho yako iko kitu cheupe. Iko kama punje ya muchele."

"Ni usaha tu. Utatoka."

"Apana. Usaha iko chini, naiona, iko kama nusu ya mwezi. Hii ingine iko juu, imeshika."

Nilijua maana yake. Nusu mwezi ule ni usaha uliotuama ndani ya jicho lenyewe, nyuma ya kioo.

"We unapima watu wote wa Bujumbura," akasema, "na wewe unaogopa kupimwa? Vaa viatu. Tunaenda."

Nikavaa viatu.

Dokteri Godeliva alinikalisha kwenye mashine yake ya taa, akatazama muda mrefu. Nilisikia anavyopumua.

"Imeanza lini?"

"Siku kumi, Dokteri. Jani la muhindi."

"Na umeweka nini humu?"

Nikatoa kichupa mfukoni. Akakisoma, akakiweka mezani polepole.

"Melkiyori. Wewe? Kortizoni mu kidonda?"

Esperansi alikuwa amesimama nyuma yangu, hakunitetea.

Dokteri alinidondoshea dawa ya ganzi, akaniambia nitazame mbele, nisipepese. Niliona kisu kinakuja, kikawa kikubwa, kisha ukungu. Maumivu sikuyasikia, lakini nilisikia kukwaruza, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria, na sufuria ni kichwa chako. Akapaka kwenye vioo viwili na kwenye sahani. Halafu akasimama navyo mkononi.

"Nani atasoma?"

Tukatazamana. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Nitasoma mwenyewe," nikasema.

Nilifungwa bandeji jicho la kulia, nikaingia labo nikipapasa meza yangu mwenyewe. Kioo cha kwanza nilikipaka rangi ya zambarau, nikakitazama kwa jicho la kushoto ambalo halikuzoea. Niliona chembe za usaha, nyingi sana. Bakteria hata moja sikuona. Nilitafuta pembe zote. Mkono wangu ukachukua kalamu, ukaanza kuandika yale maneno mawili uliyoyazoea.

Hapo jicho likanichoma, nikashika meza nisianguke. Nikasema kwa sauti, peke yangu mle ndani, "Kama hakuna kitu, mbona inaniua?"

Niliposikia maneno hayo yametoka kinywani mwangu, nilikumbuka ni ya nani.

Nikaweka kalamu. Chupa ya potasi ilikuwa nyuma ya rafu, ina vumbi, kizibo kimeganda. Nilikifungua kwa meno. Nikadondosha tone kwenye kioo cha pili, nikafunika, nikalaza kichwa mezani nusu saa nzima. Basi ya saa tisa ilipiga honi, ikaondoka. Nilipotazama tena, chembe za usaha zilikuwa zimeyeyuka, na katikati yake zilikuwepo nyuzi. Nyuzi nyembamba, zina vifundo, zinagawanyika matawi kama mizizi ya mti uliong'olewa. Hazikuwa moja wala mbili. Zilijaa kila nilikosogeza kioo.

Ile ilikuwa kuvu, na ilikuwa imetoka ndani ya jicho langu.

Nilimwita Dokteri. Alikuja, akainama, akatazama, akakaa kwenye kiti changu. Hakunitazama mimi. Alitazama rejista.

"Fungua," akasema.

Tulizisoma kurasa pamoja, yeye akisoma na mimi nikisikiliza. Kurasa za kabla ya vita zilikuwa na majina ya bakteria, moja baada ya jingine, na huku na kule kuvu, mara chache. Kurasa za miaka ya vita zilikuwa na bakteria huku na kule, na katikati, mstari juu ya mstari, mwandiko wangu: hakuna mikrobe, hakuna mikrobe. Kila aliposoma mstari aliongeza anachokumbuka. Huyu alitoka kambini. Huyu alikuwa amejificha mu mihogo. Huyu alikimbia mu mahindi na mutoto.

"Zamani watu walikuwa wanakuja na mikrobe za nyumbani na za sokoni," akasema. "Sasa wanalala mashambani, majani yanawakata, mvua inawanyeshea, na mbele ya kuja hapa wamepita famasi kununua kortizoni kama wewe. Ugonjwa umehama, Melkiyori. Sisi tulikuwa tunautafuta mu nyumba yake ya zamani."

"Siyo sisi," nikasema. "Ni mimi."

Hakunibishia.

Sasa kulikuwa na shida nyingine. Dawa ya kuvu ya kuweka jichoni haikuwepo mjini kwa sababu ya ambargo. Lakini famasi ya hospitali ilikuwa na chupa mbili za dawa ya kuvu inayopitishwa kwenye mshipa, kwa wagonjwa wenye kuvu kwenye ubongo, na mgonjwa mmoja wa namna hiyo alikuwa amelazwa. Dokteri alikwenda kuongea na daktari wake. Jicho linahitaji kidogo sana. Alichota mililita chache kwa bomba la sindano, akazichanganya na maji safi ya dawa, na dawa iliyobaki ikarudi kwa mgonjwa yule. Kichupa changu kikafunikwa karatasi nyeusi, kikawekwa kwenye friji ya labo, kwa kuwa mwanga na joto vinaiharibu dawa hiyo.

"Kila saa tone moja," Dokteri alimwambia Esperansi. "Muchana na usiku. Ukisahau, kuvu itaamka."

Nililazwa. Alisi akaenda kwa shangazi yake, mtaa wa Mutanga Sud. Esperansi alikaa kando ya kitanda na saa ya mkononi aliyoazima kwa muuguzi. Tone lile liliwasha kama pilipili mbichi. Nililiogopa. Dakika tano kabla ya saa kufika, mwili wangu wote ulikuwa umeshakaza. Kila baada ya siku mbili tatu Dokteri alikwangua tena juu ya kidonda ili dawa ipenye. Nilinuka usaha mwenyewe. Sikula. Nilimtukana mke wangu mara mbili, na mara zote mbili alingoja nimalize, kisha akaniambia, "Fungua jicho."

Siku ya sita Dokteri alikuja na ile sahani ya kuoteshea. Juu yake kulikuwa na kitu kama pamba, nyeupe, katikati inaelekea rangi ya waridi. Aliishika mbele ya jicho langu la kushoto nione. Ilikuwa nzuri kutazama, hilo ndilo lililonitisha. Sahani za wengine nilikuwa nimezitupa siku ya pili.

Wiki ya pili ilikuwa mbaya kuliko zote. Kidonda hakikupanuka, lakini kilikuwa kimechimba. Dokteri alikaa kitandani, akanishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya.

"Kioo kimekuwa chembamba kama ngozi ya kitunguu. Usiiname. Usikohoe kwa nguvu. Usibebe kitu. Ukijikaza, litapasuka, na likipasuka nitalitoa."

Siku iliyofuata, mchana, mabomu yakaanza kuanguka upande wa kusini wa mji. Madirisha yalitetemeka. Wagonjwa wote wa wodi walishuka chini ya vitanda, wengine wakivuta mipira yao ya dawa. Mimi sikuweza kushuka. Nililala chali kama maiti, nikisikiliza.

"Mama Alisi, ingia chini," nikasema.

"Saa nane bado dakika mbili."

"Ingia chini, nakuambia!"

"We nyamaza. Ukipiga kelele unalikaza."

Bomu jingine likaanguka, karibu zaidi, vumbi la dari likatushukia. Esperansi aliinama juu yangu, akanifunika uso kwa kanga ili vumbi lisiingie jichoni, akangoja. Aliitazama ile saa ya mkononi. Kisha akainua kanga, akanifungua kope kwa vidole viwili, na tone likaingia palepale linapotakiwa. Ndipo akakaa sakafuni, akaegemea kitanda, akalia. Hakushuka chini ya kitanda. Nilimuuliza siku nyingine kwa nini. Akasema, "Na tone la saa tisa ungeweka mwenyewe?"

Siku nne baadaye niliamka nikaona njaa. Nilidhani ni kitu kidogo, lakini Esperansi aliposikia nimeomba ndizi na maharage, alikwenda mbio kumwita muuguzi kama mtu aliyeona muujiza. Nusu mwezi wa usaha ulikuwa umepungua, ukawa kama uzi, kisha ukaisha. Kingo za kidonda, ambazo Dokteri alisema zilikuwa kama manyoya, zikaanza kuwa laini. Matone yakawa kila saa mbili, kisha kila saa nne. Baada ya wiki saba nilirudi nyumbani na jicho langu likiwa mahali pake.

Siwadanganyi kwamba linaona. Limebaki na kovu jeupe. Kwa jicho hilo naona dirisha liko wapi, naona mtu amesimama lakini sijui ni nani. Mikroskopi naitumia kwa jicho la kushoto, na nimezoea. Dokteri anasema labda siku moja, amani ikija na njia zikifunguka, wataweza kunibadilishia kioo katika nchi nyingine. Sijui. Nashukuru kwa hili nililonalo.

Nilipopata nguvu ya kutembea, nilimwambia Esperansi kwamba kuna mtu lazima nimtafute. Ilituchukua siku kadhaa kuuliza. Tulimkuta Mama Perusi kwenye kambi ya watu waliohamishwa, juu ya Kanyosha, anachambua maharage mbele ya kibanda cha majani ya migomba. Alivaa kitambaa kimeshuka upande wa kushoto. Alinitambua kabla sijasema jina.

"Wewe ni mutu wa dirisha."

"Ndiyo, Mama."

Nikachuchumaa mbele yake, nikamweleza. Nilimweleza kipimo nilichokiacha, sahani niliyoitupa, na nilichokiona kwenye kioo changu mwenyewe. Sikutafuta maneno matamu. Alisikiliza huku vidole vyake vinaendelea kuchambua, mpaka vikasimama.

"Kama ungeangalia vizuri, jicho yangu ingepona?"

"Sijui, Mama. Labda. Lingepata nafasi."

Mtoto alikuja akamwegemea, akamsogeza pembeni.

"Miaka hii yote nilisema ni Mungu," akasema. "Nilimukasirikia Mungu. Kumbe ni mutu alikuwa anaogopa kuachwa na basi."

Esperansi alikuwa anafuta machozi. Nilitaka aninyanyue twende, lakini sikuinuka.

Mama Perusi akamwaga mawe aliyoyatoa kwenye maharage. "Humu kambini iko wengine wenye macho mabaya. Iko binti mumoja nyumba ya tatu, anaweka maji ya majani. Iko muzee mwingine. Wewe na dokteri wako, mutakuja siku gani?"

Tulikwenda Alhamisi, na gari ya hospitali. Mama Perusi alikuwa ameshawakusanya, amewapanga kivulini, ameshika mkono wa yule binti yeye mwenyewe. Dokteri alikwangua, mimi nikabeba vioo hadi labo, nikadondosha potasi, nikasubiri. Wawili walikuwa na kuvu. Yule binti anaona mpaka leo. Yule mzee tulimchelewa.

Mama Perusi hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe, nami sijamuuliza. Akimleta mgonjwa, ananisalimia, anangoja majibu amesimama, na haondoki mpaka nimemweleza nimeona nini na nimetafutaje.

Namshukuru Mungu aliyeniachia jicho moja zima na jingine la kutofautisha mchana na usiku. Namshukuru Dokteri Godeliva, ambaye angeweza kunifukuza na hakunifukuza. Esperansi sina maneno ya kumshukuru kwayo, na yeye hapendi nijaribu. Kwenye rejista sasa kila mgonjwa ana mistari miwili, mmoja wa bakteria na mmoja wa kuvu, na mistari ya kuvu inazidi kujaa.

Ninyi mnaonisikiliza, msingoje siku kumi kama mimi. Jani, mti, punje ya mpunga, chochote kikikupiga jicho na siku ya pili bado linauma, njoo. Usiweke maziwa, usiweke mkojo, usiweke maji ya majani. Kichupa ulichonunua usikifiche, kilete, Dokteri hatakupiga. Dawa ikikutuliza haraka, bado njoo. Na mtu wa labo akikuambia hakuna kitu, mwulize ametafuta nini.

Mvua zimeanza tena. Mahindi ya kule chini yameshapita kichwa cha mtu, na usiku wa juzi mmesikia wenyewe milio ya risasi ilivyokuwa. Mkilazimika kukimbia, msitangulize uso. Wekeni mkono mbele ya macho, na mtoto unayembeba mgongoni, mfunike kichwa chote kwa kanga.